Sharti la kusakafia maegesho ya biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Halmashauri ikileta mezani kifungu kinachomtaka mwenye biashara asakafie eneo lake la kuegesha magari, ukumbi hugawanyika kabla mhandisi hajafungua makabrasha yake. Kuna wanaoona tope, vumbi na kokoto zilizotapakaa barabarani. Kuna wanaoona gharama itakayowafungia duka. Nimeyajibu maswali haya kwa sababu wote wana hoja ya kweli, na kwa sababu inaniuma kuona kifungu kizuri kikikataliwa kwa hasira, au kibovu kikipita bila mtu kuuliza maji ya mvua yatakwenda wapi.

Sheria ndogo ikisema "kusakafia", inamaanisha nini hasa?

Anza hapa, maana ugomvi mwingi unatokana na neno hili. Vifungu vingi vya zamani huandika "lami au zege" na kuishia hapo. Vingine husema "sakafu ngumu isiyotoa vumbi", maneno yanayofungua mlango mpana zaidi: vitofali vya zege vinavyoshikana, kokoto zilizonyunyiziwa bitumini (ile gundi nyeusi inayoshika mawe ya lami) na kushindiliwa, hata yale mabamba ya plastiki yenye vyumba kama sega la nyuki ambayo hujazwa kokoto ili zisitambae. Tofauti ya gharama kati ya njia hizi ni kubwa, na tofauti ya namna zinavyoshughulika na maji ni kubwa zaidi.

Kama rasimu haina sehemu ya tafsiri ya maneno, idai kabla ya kujadili kitu kingine chochote. Isipokuwepo, ofisa ndiye atakayeamua mezani kwake, na majirani wawili wenye viwanja vinavyofanana watapewa majibu mawili.

Kiwanja ni changu. Kwa nini serikali ya mtaa iniingilie?

Kwa sababu yanayotokea kwenye maegesho hayaishii kwenye mpaka wa kiwanja. Tairi hubeba tope na kokoto hadi barabara ya umma. Mwendesha pikipiki akifunga breki juu ya kokoto zilizomwagika kwenye lami, anateleza. Mvua huzisukuma zile zile hadi mtaroni, mtaro unaziba, na maji yanaingia kwa jirani ambaye hana gari wala duka. Gari la zimamoto nalo linahitaji mahali pa kukanyaga: kanuni za kimataifa za zimamoto, kwenye kiambatisho ambacho miji mingi ya Marekani imekipitisha, hutaka njia yake iweze kubeba gari la takriban tani 34. Changarawe iliyomwagwa juu ya udongo laini haitalibeba siku ya mvua, na moto hausubiri jua.

Lakini mamlaka hayo yana mpaka. Hoja ya "mji upendeze" husikika sana kwenye vikao hivi, na sikatai kwamba mji unastahili kupendeza. Hata hivyo, kumlazimisha mtu atumie akiba yake ya miaka kadhaa kwa ajili ya sura peke yake ni jambo zito. Uzito wa sharti ulingane na madhara linayozuia.

Wewe unaunga mkono upande gani?

Naunga mkono sharti linalosema sakafu ifanye kazi gani, na napinga sharti linalotaja vifaa tu. Liandikwe hivi: sakafu ibebe magari yanayotarajiwa bila kutoboka, isipeleke tope wala kokoto barabarani, isiwapulizie majirani vumbi, imruhusu mtu mwenye kiti cha magurudumu kufika mlangoni, na maji yake yawe na mahali pa kwenda. Atakayetimiza hayo kwa lami, atimize kwa lami. Atakayeyatimiza kwa kokoto zilizowekwa kitaalamu, asihukumiwe kwa jina la kokoto.

Wapo maofisa wanaosema sharti la namna hii ni gumu kukagua, na ni kweli kwamba kutazama kama pana lami ni kazi ya dakika moja. Lakini kupima kama kokoto zimefika barabarani nako hakuhitaji maabara.

Nani anaumia zaidi na sharti la jumla?

Mwenye biashara ndogo, na hesabu yake ni rahisi. Nafasi moja ya gari ni karibu mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30. Kwa hiyo anayetakiwa kuwa na nafasi 20 anasakafia mita za mraba 500 hadi 600, eneo ambalo mara nyingi ni kubwa kuliko jengo lenyewe. Duka kubwa hugawanya gharama hiyo kwenye mauzo ya maelfu ya wateja. Mwenye karakana ya watu watatu hana pa kuigawia.

Hapa ndipo swali la pili linapojificha: nani aliamua kwamba ziwe nafasi 20? Sehemu nyingi zina sheria mbili zinazofanya kazi pamoja, moja ya idadi ya nafasi na nyingine ya aina ya sakafu, na wananchi hubishana kuhusu ya pili huku ya kwanza ndiyo inayowakamua. Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba viwango vya chini vya nafasi za kuegesha mara nyingi hunakiliwa kutoka mji hadi mji bila kupimwa mahitaji halisi. Mwaka 2017 mji wa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, uliviondoa viwango hivyo mji mzima. Magari yaliendelea kuegeshwa. Wenye majengo waliachiwa kuamua wanahitaji nafasi ngapi.

Kama biashara yako hujaza nafasi 6 na sheria inadai 20, usipoteze pumzi yote kupinga lami. Pinga zile 14.

Lakini kokoto si hunywesha maji ardhini? Kwa nini tuzuie kitu kinacholinda mazingira?

Swali hili nalipenda, kwa sababu pande zote mbili hulijibu haraka mno.

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 20 juu ya maegesho ya mita za mraba 600 ni lita 12,000. Lami na zege huachia sehemu kubwa ya maji hayo yatiririke. Wahandisi huhesabu kati ya asilimia 70 na 95. Eneo lenye majani kwa kawaida huachia chini ya asilimia 35, na kwenye udongo wa kichanga ulio tambarare hata asilimia 10 haifiki. Kwa hiyo anayesema lami huongeza mafuriko anasema kweli, na akiongeza kwamba maji hayo hubeba mafuta, chembe za tairi na vumbi la breki hadi mtoni, bado anasema kweli.

Kokoto ndizo zinazotatiza. Kokoto safi za ukubwa mmoja, zilizowekwa juu ya udongo wa kichanga, hupitisha maji vizuri. Lakini changarawe iliyochanganyika na unga wa mawe, ikakanyagwa na magari mwaka baada ya mwaka, hushikamana hadi maji yanaikimbia kama yanavyoikimbia lami. Ndiyo maana wahandisi wengi wa maji ya mvua huhesabu maegesho ya changarawe iliyoshindiliwa kuwa eneo lisilopitisha maji, na penye ada ya maji ya mvua wenye biashara hushangaa kuona wametozwa sawa na mwenye lami. Ukitaka kokoto zako zihesabiwe kuwa zinapitisha maji, onyesha zimewekwaje: ukubwa wa mawe, kina chake, na udongo ulio chini.

Ziko nchi zilizogeuza mjadala huu kabisa. Uingereza, upande wa England, tangu mwaka 2008 mwenye nyumba anayetaka kuziba zaidi ya mita 5 za mraba za bustani yake ya mbele kwa sakafu isiyopitisha maji anahitaji kibali, isipokuwa maji yaelekezwe kwenye eneo la kuyanyonya. Hilo ni kwa nyumba za watu, lakini fikra iliyo nyuma yake inaihusu biashara pia: kile ambacho halmashauri nyingine zinalazimisha, huko kinaombewa ruhusa. Ujerumani miji mingi hutoza ada ya maji ya mvua kulingana na ukubwa wa eneo lililozibwa, na mji wa Philadelphia, Marekani, ulianza kuwatoza wenye viwanja kwa msingi huo mwaka 2010. Halmashauri inayolazimisha lami leo na kutoza ada ya maji ya mvua kesho inamchapa mtu mmoja fimbo mbili, na diwani anapaswa kuliona hilo kabla ya kunyoosha mkono.

Sakafu zinazopitisha maji zinafanyaje kazi, na je, zinafaa?

Zege lenye vinyweleo hutengenezwa bila mchanga au kwa mchanga kidogo sana, hivyo kati ya asilimia 15 na 25 ya ujazo wake hubaki matundu. Maji hupita humo na kushuka kwenye tabaka la kokoto safi lililo chini, ambalo ndilo tangi lenyewe. Kokoto za namna hiyo huwa na nafasi tupu ya karibu asilimia 40, kwa hiyo tabaka la sentimita 30 linaweza kushika mvua ya milimita 120 kabla ya kujaa. Baadaye maji hunywewa polepole na ardhi, au hutolewa kwa bomba.

Zinafaa sana panapoegeshwa magari madogo. Hazifai kila mahali. Udongo wa mfinyanzi hauyanywi maji haraka, kwa hiyo tangi linabaki limejaa mvua ya pili inapofika. Lori zito linalogeuka mahali pale pale hung'oa mawe ya juu. Na panapomwagika mafuta au kemikali, hakuna anayetaka zipite moja kwa moja kuelekea maji ya visima.

Tatizo kubwa lakini ni matunzo. Mchanga na majani makavu huziba vinyweleo, na bila kufyonzwa kwa mashine mara kwa mara sakafu hiyo huwa kama nyingine yoyote. Nimeona vifungu vinavyotoa msamaha kwa atakayeweka sakafu ya vinyweleo bila kusema neno moja kuhusu kuisafisha. Kifungu hicho kitafaa kwa miaka michache tu.

Nina wateja wenye magari madogo, jirani yangu ana ghala la malori. Kwa nini tupewe sharti moja?

Hamstahili sharti moja. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani waliendesha malori ya uzito tofauti juu ya barabara za majaribio karibu na Ottawa, jimbo la Illinois, mchana na usiku. Kutokana na majaribio hayo ikapatikana kanuni inayotumika hadi leo: uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito unaobebwa na mhimili mmoja wa magurudumu. Uzito ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka mara 16. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ya tani 1, ambayo tayari ni nzito kuliko ya magari mengi madogo, huharibu kama mara 10,000.

Maana yake ni kwamba lami nyembamba iliyowekwa ili kuridhisha kifungu itapasuka mbele ya ghala ndani ya muda mfupi, na zege nene lililolazimishwa mbele ya ofisi ya watu wanne ni fedha iliyozikwa. Hata ndani ya kiwanja kimoja unaweza kugawa: zege imara mahali pa kupakia na kupakua, kitu chepesi zaidi kwa wateja.

Watu wenye ulemavu wanasemaje?

Wanasema kokoto ni ukuta, na hapa sina upande wa pili wa kuueleza. Magurudumu ya mbele ya kiti ni madogo. Yakiingia kwenye changarawe iliyolegea yanazama. Fimbo ya mkongojo inateleza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi zilizouridhia kuondoa vizuizi kwenye majengo na huduma zilizo wazi kwa umma, na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 imezaa viwango vinavyotaka sakafu ya nafasi hizo iwe imara, isiyotikisika na isiyoteleza, na mteremko wake usizidi 1 kwa 48, yaani takriban asilimia 2.

Kwa hiyo hata pale kokoto zinaporuhusiwa, nafasi za watu wenye ulemavu na njia yote hadi mlangoni zisakafiwe. Njia yote, nasema, kwa sababu nafasi yenye lami iliyozungukwa na kokoto pande zote ni kisiwa. Fundi aangalie mteremko pia. Sakafu inahitaji kuinama kidogo ili maji yasituame, na mafundi wengine huinamisha hadi kiti kinajiviringisha chenyewe.

Vumbi linaweza kuzuiwa bila lami?

Kwa kiasi. Chumvi za kalsiamu kloraidi na magnesiamu kloraidi huvuta unyevu wa hewani na kuishika changarawe, lakini mvua huziosha, zinahitaji kurudiwa, hula vyuma na hudhuru mimea ikizidi. Kupunguza mwendo husaidia kuliko watu wanavyodhani. Panapopita magari machache kwa siku hiyo inatosha. Pakiwa na shule au zahanati upande wa pili wa uzio, mimi ningesakafia.

Na joto?

Lami mpya huakisi takriban asilimia 5 tu ya mwanga wa jua na kumeza uliobaki. Zege jipya huakisi mara kadhaa ya hapo. Mchana wa jua kali lami huweza kuvuka nyuzi joto 60. Rasimu iongeze miti, na mashimo ya kuipanda yawe na udongo wa kutosha, maana mti uliobanwa na zege pande zote haukui. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka maegesho makubwa, yanayozidi mita za mraba 1,500, yafunikwe angalau nusu yake kwa vivuli vyenye paneli za sola. Hilo ni la wenye uwezo, lakini linaonyesha kwamba maegesho yanaweza kudaiwa kitu zaidi ya kuwa meusi na bapa.

Biashara yangu ilikuwepo kabla ya sheria. Inanigusa?

Kwa kawaida matumizi yaliyokuwepo kihalali huachwa yaendelee, lakini soma ni tukio gani linalokufanya upoteze kinga hiyo. Mara nyingi ni kupanua jengo, kubadili aina ya biashara, au kuacha kuitumia sehemu kwa muda fulani. Rasimu nyingine huweka hata kuhuisha leseni kuwa tukio, na kwa leseni ya kila mwaka hiyo ni kusema kinga haipo. Upanuzi nao uwe na kipimo: mtu anayeongeza chumba kimoja cha stoo asilazimishwe kusakafia kiwanja kizima.

Kuna njia ya katikati ambayo imezoeleka?

Ipo, nami huipendekeza kuliko zote: sakafia mlango. Mita kadhaa za kwanza kutoka ukingo wa barabara, angalau urefu wa gari moja na ikiwezekana mawili au matatu, ziwe lami au zege, ili tairi ziangushe kokoto kabla ya kufika barabarani. Nyuma yake ziwekwe kokoto zilizopondwa, zenye kona, kwa sababu zile za mtoni ni duara na hutembea chini ya tairi. Chini yake litandikwe turubai maalumu la kutenganisha udongo na mawe; bila hilo, kokoto humezwa na tope na utanunua nyingine kila msimu. Pembeni yawepo mawe ya ukingo ya kuzizuia. Nafasi zichorwe kwa vizuizi vya chini vya tairi, kwani huwezi kupaka rangi juu ya kokoto, na bila mipaka magari sita hukaa mahali pa kumi.

Kifungu kinachoruhusu hivi kieleze pia nani atazijaza kokoto zikipungua na katika siku ngapi baada ya kupewa notisi. Wanaopinga kokoto wana kumbukumbu za maegesho yaliyoanza vizuri na kuachwa yakawa madimbwi, na kumbukumbu hizo ni za kweli.

Nikishaweka lami, nimemaliza?

Hapana. Nyufa zizibwe mapema, kabla maji hayajashuka kwenye tabaka la chini, kwa kuwa lami huanza kufa kutokea chini. Ukipaka rangi nyeusi ya kuihuisha, uliza imetengenezwa kwa nini. Zile za lami ya makaa ya mawe zina kemikali zinazohusishwa na saratani kwa wingi kuliko zile za bitumini, na hubanduka na kuishia kwenye vijito na ndani ya nyumba. Austin, Texas, ilizipiga marufuku mwaka 2006, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011.

Naweza kuomba msamaha wa sharti? Nipeleke nini?

Unaweza pale sheria inapotoa nafasi hiyo. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu mwombaji huandika "gharama ni kubwa" na kusaini. Gharama peke yake kwa kawaida haitoshi. Kamati hutaka kujua kiwanja chako kina nini ambacho vingine havina, kwa mfano mteremko mkali, udongo, mti mkubwa, au matumizi ya siku chache kwa mwaka. Peleka mchoro wa kiwanja wenye vipimo, idadi ya magari uliyoihesabu mwenyewe kwa siku kadhaa, picha zilizopigwa mvua ikinyesha na baada yake, na maelezo ya maji yanakoelekea. Pendekeza masharti yako mwenyewe: mlango uliosakafiwa, kokoto kujazwa kila mwaka, nafasi ya walemavu kuwa ya zege. Na zungumza na jirani wa upande wa bondeni kabla ya kikao. Akisimama kusema maji hayamfikii, kamati itamsikiliza kuliko itakavyokusikiliza wewe.

Kifungu kimeshapita na kina kasoro. Tufanye nini?

Ombeni kipindi cha mpito kiandikwe, si kuahidiwa kwa mdomo. Miaka kadhaa kwa biashara zilizopo ni ombi la haki. Ombeni pia tarehe ya kukipitia upya, na kuanzia sasa wekeni kumbukumbu: ni maombi mangapi yamekataliwa, ni biashara zipi zimeahirisha upanuzi, mtaro upi umeanza kufurika ambao haukufurika zamani. Diwani akirudi kukiomba kifungu kibadilishwe, atahitaji daftari hilo mkononi.